Kabla ya kuulaumu mnara, hamisha ruta

Makala moja inasema intaneti ya majumbani Mji Mkongwe, Zanzibar, ni hafifu kwa uchache wa minara. Hiyo ni nusu ya habari. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, hula mawimbi ya mnara, hasa ya masafa ya 1800 MHz. Ya 800 MHz hupenya vizuri zaidi. Ruta (kifaa kinachopokea intaneti ya mnara na kuigawa nyumbani) iliyofichwa ukumbi wa chini nyuma ya televisheni itapata nini?

Fungua ukurasa wa ruta (anuani huwa imebandikwa chini yake), tafuta RSRP (nguvu ya mawimbi yanayofika) na SINR (usafi wake dhidi ya kelele na mwingiliano). RSRP ya -85 dBm ni nzuri, -110 ni mbaya. Ipandishe ruta ghorofani, iweke dirishani, igeuze, subiri dakika moja, soma tena. Vijiti vya mtandao kwenye kioo visikudanganye: SINR ikiwa chini ya 0, hata vikijaa kasi haiji. Namba zikiwa nzuri lakini saa mbili usiku kasi inakufa, hapo mnara umeelemewa kweli.

Wenye nyumba za mabati, ambayo nayo huzuia mawimbi, antena ya nje husaidia sana, ila waya uwe mfupi, na viungio vifungwe tepu ya mpira. Hewa ya chumvi haivisamehi.