Sijachukuliwa na majini

Jamani, mimi mzima. Nipo nyumbani, nakunywa chai. Nyie mnaompigia mke wangu kumpa pole, ahsanteni sana, ila muache, maana vocha zenu zinaisha bure na yeye kila akipokea simu anaanza kucheka upya. Ile sauti inayozunguka kwenye makundi, ya yule swahiba wangu wa bodaboda anayesema "buti zimebaki, mtu hayupo", ina ukweli wa robo tu. Buti zilibaki kweli. Robo tatu nyingine nazisema mwenyewe leo, kabla hazijafika Mtwara zikiwa zimeota mkia.

Mwembe wa babu mnaujua. Uliangushwa na Kimbunga Hidaya, Mei 2024, na watu wa Kilwa upepo ule hawahitaji kusimuliwa. Matawi yaliishia majikoni mwa watu, likabaki shina limelala uani, na kila apitaye ana ushauri. Mjomba akataka achonge mtumbwi, kwa sababu huku pwani mwembe ndio mti wa mitumbwi. Mafundi seremala wakanicheka. Wilaya hii bwana ni ya mninga na mkongo, na vijiji vyake vina mpingo uliopata cheti cha kimataifa tangu 2009, mti wetu unapulizwa klarineti huko Ulaya. Sasa uwaambie habari za mwembe? "Hizo kuni," wakasema. "Na bungua wameshaanza."

Mimi nikakaza. Nikalinyanyua gogo juu ya mawe, nikapaka miisho yake rangi iliyobaki ya mlango lisipasuke, nikawa nakaa kibandani natengeneza simu za watu huku jicho moja liko kwenye video za Wazungu wa Kanada. Wale watu wanapasua magogo kwa chenso kama wanakata mkate. Wana fremu ya chuma, wanaifunga kwenye ile bapa inayobeba mnyororo, msumeno unalala ubavu, unateleza juu ya gogo, ubao unatoka unene uleule mwanzo mpaka mwisho. Fremu nikaiunda mwenyewe kwa vyuma vya kitanda cha zamani. Mke wangu aliuliza kitanda kiko wapi. Nikamwambia kitarudi kikiwa cha mbao.

Chenso niliazima. Mnyororo wake ulikuwa wa kukatia miti, na mnyororo wa kupasulia ni habari nyingine: ukikata gogo kwa mapana unataka jino lililonolewa pembe ya nyuzi 30 hivi, ukipasua kwa urefu unalishusha mpaka 10. Nikakesha na tupa, jino baada ya jino, pembe nazipima kwa programu ya simu. Meno yale yalikuwa mazuri jamani. Kumbukeni nilivyosema, yalikuwa mazuri.

Basi Jumamosi. Usiku mvua ilipiga, uani udongo umelainika. Na baba mkwe yupo, amekuja kumsalimia binti yake. Huyu mzee tangu nimuoe mwanawe ananiona nimeinamia visimu vyenye vioo vilivyopasuka, nikasema leo ndiyo leo, ajue binti yake hakuolewa na koleo. Nikamwekea kiti chini ya mpera, kahawa hii hapa, bakora yake mapajani. Mimi nikavaa. Gambuti za mwenye chenso, namba 11, na mguu wangu ni 7. Miwani ya jua. Pamba masikioni. Mtandio wa mke wangu, ule wa maua, nimejifunga puani kwa ajili ya vumbi. (Mnaouliza helmeti iko wapi, tusivunjiane heshima.)

Petroli nimechanganya moja kwa hamsini na oili yake, nikavuta kamba, chenso ikaitika. Juu ya gogo nimepigilia ngazi iwe njia ya ile fremu, maana gogo halina sehemu iliyonyooka, mpasuo wa kwanza lazima uazime unyoofu kwingine. Banzi la kwanza likadondoka. Ndani, loo! Kahawia hafifu, michirizi myeusi na ya kijani inapita humo. Baba mkwe akanyanyua kikombe akasema, "Mashaallah."

Lile mashaallah ndilo lililoniponza. Mtu akishaambiwa mashaallah na baba mkwe hasikii tena la mtu.

Kwa sababu bibi jirani, kichwa chake juu ya ukuta, aliniambia wazi. "Mjukuu wangu, hapo penye weusi pana kitu." Kulikuwa na doa la buluu iliyokolea, linaelekea nyeusi, limesambaa katikati ya gogo. Nikamjibu, "Hilo ua la mti, bibi. Wenzetu huko wanalilipia." Akaondoka akaangalie chungu chake. Chuma kikikaa ndani ya mti kinatoa kutu, kutu ikikutana na maji ya mti inatia rangi hiyohiyo, na wapasuaji wenye akili wakiiona hushika nyundo na patasi kwanza. Mimi niliipiga picha.

Sasa hapa twende taratibu.

Baba mkwe amenyanyuka kwenda kutia udhu. Bibi yuko jikoni kwake. Uani tumebaki mimi na dogo, kibarua wangu, kazi yake kupachika kabari nyuma yangu ubao usije ukaubana msumeno. Nipo kwenye ubao wa kwanza wenyewe, inchi moja na nusu. Chenso inaimba. Unga wa mbao unanipiga magotini, laini, una harufu tamu. Namfikiria mzee atakavyorudi akute ubao umeegemezwa ukutani.

Mlio ukabadilika.

Ulikuwa mmoja, mnene, mara ukawa kama, sijui niandikeje, krriiiii. Zikatoka cheche. Narudia kwa wale wanaosoma huku wanakula: cheche, kutoka ndani ya mti. Nikaachia mafuta, chenso ikashuka sailensa, tu-tu-tu-tu, imebanwa pale kwenye fremu. Moshi wa oili. Dogo akachomeka mtaimbo kwenye mpasuo, akaunyanyua ubao kidogo, tukainama wote wawili tukachungulia, vichwa vinagusana.

Kilichong'aa kwanza ni pale msumeno ulipopita. Duara dogo la chuma, jeupe, jipya. Chini yake tumbo jeusi lenye tundu la ufunguo. Pete za mnyororo zimeingia ndani zaidi ya mti, hazionekani zinakokwenda. Na mti umekumbatia vitu vyote hivyo pande zote, hakuna upenyo hata wa kuingiza kiberiti.

"Kaka," dogo akasema taratibu sana. "Kufuli."

Ndugu zangu wa bara, kwa ufupi: huku kwetu kufuli likionekana mahali pasipo na mlango, hilo si kufuli. Kuna mtu kafungwa. Posa zake, riziki yake, tumbo lake la uzazi, chagua. Na anayelifungua bila kujua masharti, hiyo ni kesi yake na waliolifunga.

Dogo akaachia mtaimbo. Ubao ukarudi chini, paaa! Dogo huyo, ukuta haukumsumbua hata kidogo. Nikabaki mimi, kufuli, na chenso inayojiendesha. Nilikuwa bado nimeinama. Nikawa natafuta aya ya kusoma, nikapata ya kuanzia tu, mwisho wake ukakataa kuja. Na ndipo kitu cha baridi, kizito, chenye unyevu, kikanigusa shingoni kikaanza kushuka ndani ya shati kufuata uti wa mgongo. Taratibu. Pingili kwa pingili.

Yule aliyesema nilipiga ukunga wa kike mwongo. Nilisema "Mama!" kwa sauti yangu ya kawaida, mara nyingi.

Miguu ikaruka. Gambuti, zimeshashikwa na tope na zina nafasi za kutosha ndani yake, hazikuona sababu ya kufuatana nasi. Mlango wa karibu ulikuwa wa banda la kuku. Nikajikuta nimechuchumaa humo, nimeufunga kwa ndani, soksi zimelowa, tetea ananitazama kwa jicho moja. Nikapapasa mgongoni, nikatoa kile kitu. Pera. Pera bichi.

Mtu mwenye akili angetoka hapohapo. Lakini nje dogo alishafika barabarani anapiga kelele "Kufuli! Kufuli la watu!", na kabla sijajipangusa uani pamejaa. Baba mkwe ametoka kwenye udhu, mikono inachuruzika maji, na alichokikuta ni hiki: chenso inanguruma peke yake juu ya gogo, gambuti mbili zimesimama wima kwenye tope, zimeelekea mbele, ndani hamna mtu. Alama za miguu hazipo, niliruka mbali sana.

Kimya. Kisha nikamsikia ameanza Ayatul Kursi.

"Gusa buti," mtu akasema.

"Gusa wewe."

Nikasema moyoni, ngoja wapungue. Hawakupungua. Ndiyo kwanza swahiba wangu akashuka kwenye bodaboda na simu mkononi anarekodi. Baba mkwe akamaliza kisomo, akakohoa, akasema kwa huzuni, "Alikuwa kijana mtaratibu." ALIKUWA. Miaka yote ya ndoa sijawahi kusifiwa na mzee huyu, nasifiwa nikiwa kwenye mavi ya kuku. Unatokaje hapo? Nikaona nisikilize kidogo, huenda kuna la zaidi.

La zaidi lilikuwepo. "Simu yangu iko kwake," mama mmoja akasema.

"Na yangu. Na laini iko humohumo."

"Mimi nilishalipa kabisa kioo."

"Jamani, marehemu hajatimiza hata..."

"Marehemu nani? Mimi nataka kioo!"

Yule wa kioo akaona isiwe taabu, akapiga namba yangu. Sasa nyie wateja wangu mnajua mlio wa simu yangu. Kwa wasiojua: ni jogoo. Niliuweka niusikie sokoni kwenye makelele. Simu ikawika mfukoni mwangu, ndani ya banda la kuku, sauti ya mwisho. Kwa sekunde moja nilidhani nimepona, maana nani atashangaa jogoo kuwika bandani? Ila jogoo mwenyewe, mwenye nyumba, alikuwa kwenye kijiti karibu na sikio langu, na hakupenda. Akajibu. Simu ikarudia. Akajibu tena, akanirukia kichwani na mbawa zote.

"Ile," nikamsikia mke wangu, "simu ya mume wangu."

Mlango ukavutwa. Mwanga ukaingia, na ndani ya mwanga uso wa baba mkwe, ameinama, mkono juu ya bakora. Nyuma yake Kilwa nzima. Akaniangalia kuanzia soksi. Akafika kwenye mtandio wa maua. Akafika kwenye miwani ya jua. Akafika kwa jogoo. Hakuna aliyecheka bado, hilo ndilo lililonimaliza, walikuwa wanamsubiri mzee.

"Assalaam alaykum," akasema.

"Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh," nikajibu, yote, sikubakiza.

Akatazama chini ya tetea. "Yameshaanguliwa?"

"Bado, baba."

"Basi tuwaache," akasema, akaurudishia mlango polepole. Ndipo kicheko kikapasuka.

Mengine haraka. Chenso ilizimwa na kijana mmoja aliyelipwa kwanza. Mnyororo umekufa, meno yote ya upande wa kufuli yamelala, mwenye mali kaja kautazama, kaninyang'anya na gambuti zake. Bibi jirani alipoonyeshwa kile chuma alicheka mpaka akakaa chini. Kufuli la baiskeli ya babu! Alikuwa anaifunga pale kwenye mwembe, wezi wakaja usiku wakailegeza gurudumu wakaondoka na iliyobaki, mzee kwa hasira akaacha kufuli na mnyororo vilevile mtini, ufunguo akautupa. Mti ukaendelea na maisha yake mpaka ukavimeza.

Maelezo yameeleweka? Hayajaeleweka. Hakuna anayeyataka. Jumatatu amekuja shangazi mmoja wa mtaa wa pili, binti yake ameletewa posa Jumapili, na kufuli limekatwa Jumamosi, nimpe hesabu gani nyingine? Kijana mwingine ameitwa kwenye usaili Lindi, naye anadai kufuli ni lake. Wameshaanza kugombana uani kwangu la nani. Mbao nimepata, zimepangwa na vijiti katikati zikauke kivulini, na mafundi seremala walewale wamekuja kuuliza bei. Ule wenye tundu la kufuli ndio unaotajiwa bei kubwa kuliko yote.

Jana usiku wamekuja wazee watatu na kijana wao wa miaka arobaini ambaye hajaoa. Wana mkorosho nyuma ya nyumba, mkubwa, na wanaushuku. Wanataka niupasue wote, inchi moja moja, mpaka tulipate. Nimewaambia sina mnyororo, na ule niliouharibu bado nadaiwa. Wametoka nje wakanong'ona, wakarudi. Wamesema watauchangia.