Endelea Kama Kawaida

Kuna maneno matatu yatakayonitoa roho kabla ya uzee wangu: "Endelea kama kawaida." Mwalimu mwenye darasa akiumwa, akifiwa au akiitwa semina, huniachia karatasi mezani. Kipindi cha kwanza, kusoma. Cha pili, hisabati, ukurasa fulani. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu aliyekwisha kubeba mkoba: "Mengine endelea kama kawaida."

Kawaida ya nani, jamani? Mimi nimepigiwa simu alfajiri mswaki ukiwa mdomoni. Hata mlango wa darasa nimeonyeshwa na mfagiaji. Kawaida ya darasa lile wanaijua watu wa miaka saba peke yao, na hao si mashahidi wa kwenda nao mahakamani.

Kazi yangu ni kushikilia madarasa ya wenzangu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli wenyeji wanapona. Siku nikiwepo, zamu ya kusimama uwanjani wakati wa mapumziko inakuwa yangu. Ugomvi wa bembea unaletwa kwangu. Chumba cha walimu kina viti kibao, lakini kila ninachokalia kina mwenyewe, naye hatasema kitu, atasimama tu pembeni akikohoa. Nalipwa kwa siku, kwa hiyo shule ikifunga na mfuko wangu umefungwa. Nikiambukizwa mafua na darasa la kwanza Jumatatu, Jumanne sioni mtu wa kunishikilia mimi.

Tuanze na mahudhurio. Unaita jina, wanaitika wawili. Unaita lingine, kimya, halafu kicheko upande wa dirishani. Ukisikia kicheko cha dirishani ujue wameshabadilishana majina, na utakesha asubuhi nzima ukimsifu mtoto kwa mwandiko mzuri wa mwenzake.

Hayo mimi navumilia. Nisichokivumilia ni "mwalimu wetu." Shika chaki: "Mwalimu wetu huanza na tarehe." Andika tarehe: "Mwalimu wetu huandika upande ule." Hamia upande ule: "Mwalimu wetu huwa hatuzibii." Ikifika zamu ya kusoma, watoto wanne wanaingia chini ya meza na vitabu vyao. Nauliza kulikoni. "Mwalimu wetu hutusomesha huku." Mwalimu wao huyo, ukikusanya ushahidi wote, ni mtu asiyetoa zoezi, asiyekataza kelele, anayesoma hadithi tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho. Nilipokutana naye mwenyewe siku moja langoni, nilitaka kumwomba anifundishe na mimi.

Kwa kuwa sheria siijui, inabidi nimuulize kiranja. Kiranja wa darasa la pili ni mtu mzito. Meno ya mbele hana, rula haimtoki mkononi, na akipita kati ya madawati wenzake wanakaa sawa kuliko nikipita mimi. Namwita kando kwa adabu zote. Eti ni kweli mnasoma chini ya meza? Anafikiri. Anawatazama wale wanne. Wale wanne nao wanamtazama, na mmoja ndiye rafiki yake wa kugawana kalamu za rangi.

"Ijumaa tu, mwalimu."

"Na leo ni siku gani?"

"Ijumaa, mwalimu." Halafu, bila kuulizwa: "Na Ijumaa hatupewi kazi ya nyumbani."

Nifanyeje? Mwalimu wao hajaandika. Kaandika kama kawaida.

Kwenye hisabati nikasema sasa hapa ndipo pangu. Namba haina mwenyewe. 52 kutoa 27, nikaeleza nilivyofundishwa: mbili toa saba haiwezekani, tunakwenda kukopa kwa jirani. Mkono ukanyanyuka. "Mwalimu wetu amekataza kukopa. Tunahesabu kutoka 27 kwenda juu." Nikasimama pale na chaki yangu. Mtu ninayefika mwisho wa mwezi kwa mikopo, nakatazwa na mtoto ambaye kamba za viatu nimetoka kumfunga mimi. Ubaya zaidi, alihesabu kwenda juu akapata 25 kabla sijamaliza kukopa.

Halafu kuna choo. Choo kinaambukiza kuliko mafua. Anaomba mmoja, ndani ya dakika moja darasa zima limebanwa. Ukikataa likatokea la kutokea, ni wewe. Ukiruhusu, nusu ya darasa inahamia bombani kurushiana maji, na ni wewe vilevile. Mwalimu wao lazima ana utaratibu wake, labda kuna kadi, labda kuna foleni. Nikauliza darasa. Nikapata majibu mengi, kila moja likimtaka mwenye kulitoa aende kwanza.

Na meno! Mtoto ana meno 20 ya utotoni, na huanza kung'oka akifika miaka sita hivi. Zidisha kwa darasa zima la umri huo utaona kwa nini nikishikilia tu, lazima moja lidondoke mikononi mwangu. Mwenye jino analia. Jirani yake anapiga kelele kwa ajili ya damu, ambayo ni tone. Tunalifunga jino kwenye karatasi laini, tunaliweka mezani, na mtoto mwema wa safu ya mbele, aliyefundishwa usafi vizuri sana, analichukua na kulitupa. Basi darasa zima liko sakafuni kwa magoti, mimi niko ndani ya kapu la taka hadi kiwiko, na hapo mlango unafunguliwa. Mwalimu mkuu. Saa nzima tumekaa kimya tukiandika imla hakuonekana.

"Mnaendeleaje?"

Nikajibu kama kawaida.

Wakati wa kufunga vitabu yakaja mashtaka. Huyu ananitazama. Huyu amehema kwenye daftari langu. Katikati ya kesi hizo mtoto mmoja akaja mezani, mpole, akanikagua kuanzia viatu kwenda juu. "Mwalimu, kwani wewe wamekunyima darasa?" Nikamwambia arudi akae. Hakwenda, alikuwa anasubiri jibu.

Kengele ikilia, nabaki kuandika ripoti ya mwenye darasa. Hapo ndipo unafiki wangu wote unapoishi. Ukiandika ukweli, shule itasema huyu hamudu darasa, na simu ya alfajiri haitalia tena. Kwa hiyo naandika: "Watoto wazuri sana. Kazi zote zimefanyika. Jino moja limetoka." Nazima taa, nafunga dirisha ambalo baadaye nitaambiwa huwa halifungwi.

Jumatatu nikapata ujumbe wa mwenyewe, amepona, ana nguvu tele za kuuliza maswali. Nani aliwaruhusu kusoma chini ya meza? Na nani aliwaambia Ijumaa hawapewi kazi ya nyumbani?

Nikamjibu amuulize kiranja. Akanijibu kwamba ameshamuuliza, na kiranja amesema ni mimi.