Moto wa kokoto: kwa nini naipenda studio ya Cyan

Ndani ya Myst, gemu ya mafumbo ya kompyuta iliyotengenezwa na studio ya Cyan, kuna tanuri linalowaka, na ukilikaribia unausikia moto ukinguruma. Chris Brandkamp, aliyeshughulikia sauti, alirekodi moto wa kweli akaona haufanani na moto. Akachukua gari akaliendesha polepole juu ya kokoto za njia ya nyumbani kwake, tukapata mngurumo ule. Kengele ya mnara wa saa nayo ni spana. Kila ninapoambiwa gemu nzuri lazima itengenezwe na mamia ya watu wenye bajeti ya filamu, nazikumbuka zile kokoto.

Cyan ilianzishwa mwaka 1987 na ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, watoto wa mhubiri. Rand alikuwa akiandika programu za benki huko Texas. Alimwomba mdogo wake, aliyejua kuchora, washirikiane kutengeneza kitabu cha watoto cha kwenye kompyuta, kwa kutumia HyperCard, programu iliyokuja na Macintosh. Robyn akachora mfuniko wa shimo la barabarani: ukiubonyeza unasogea, mmea unachomoza na kurefuka hadi juu. Ukurasa wa pili hakuufikia kamwe. Alitaka kujua mmea ule unaishia wapi, na chini ya shimo kuna nini. Kitabu kikageuka mahali pa kutembelea, kikaitwa The Manhole, 1988. Naamini Cyan yote ilizaliwa pale.

Myst ilitoka Septemba 1993, kazi ya watu wachache sana karibu na Spokane, jimbo la Washington. Waigizaji hawakuajiri: Rand akaigiza wahusika Atrus na Achenar, Robyn akaigiza Sirrus, na muziki akautunga Robyn mwenyewe. Gemu nzima ni picha tuli zipatazo 2,500. Kwa kuwa CD-ROM za wakati ule zilisoma polepole mno, ilibidi data ipangwe kwa uangalifu kwenye diski ili mchezaji asikae akisubiri. Hufi, hupigani, hukimbizwi na saa. Ndani ya boksi kulikuwa na daftari tupu, uandike unachokiona. Wapo waliosema ni albamu ya picha tu. Siwaafiki hata kidogo: daftari lile linaonyesha walimchukulia mchezaji kuwa mtu mwenye akili na subira. Nakala zaidi ya milioni 6 zikauzwa, na hakuna gemu ya kompyuta iliyoipita hadi The Sims ilipofanya hivyo mwaka 2002.

Riven, mwendelezo wa Myst, ikafuata 1997, kisha Robyn akaondoka. Hapo ndipo studio, kwa maoni yangu, ilipotaka mzigo unaozidi mabega yake. Uru, gemu nyingine ya ulimwengu wa Myst, ya 2003, ilikusudiwa kuwa ulimwengu wa kuishi pamoja mtandaoni, wenye simulizi mpya zisizokoma. Sehemu hiyo ya mtandaoni ikafutwa mapema 2004. Septemba 2005 karibu wafanyakazi wote waliachishwa kazi, na baada ya wiki chache fedha zikapatikana, wakaitwa tena. Wenyewe walikwisha kuagana.

Waliowabeba baadaye ni wachezaji. Mwaka 2013 watu zaidi ya 22,000 walichanga dola milioni 1.3 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, ili Cyan itengeneze gemu mpya, Obduction, nayo ikatoka kweli mwaka 2016. Hata Uru ilikuja kurudishwa mtandaoni, na seva zake zinaendeshwa kwa michango hadi leo.

Mwaka 2024 Cyan iliijenga Riven upya, na safari hii unatembea popote penye njia badala ya kuruka picha hadi picha. Miezi michache tu baadaye, Machi 2025, ikawapunguza watu 12, karibu nusu ya studio. Habari ile iliniuma. Nilifungua Riven usiku uleule, nikashuka taratibu hadi ufukweni na daftari langu mkononi, nikaanza kuhesabu upya zile alama za mafumbo yake.