Nimekuja Kula, Sijaja Kufanya Mtihani wa Historia

Jamani hivi hii tabia ya migahawa kukusomesha historia kabla ya kukulisha kaileta nani? Menyu siku hizi huagizi, unaidurusu. Kila sahani ina ukoo, ina babu, ina safari aliyosafiri huyo babu, halafu bei ndo imeandikwa vimaandishi vya kutafuta na tochi.

Mi ni mtu wa heshima zangu. Nimekaa vizuri, nimemwambia kijana wa watu kwa upole kabisa, "Kaka, niletee tambi na sosi ya nyanya." Basi. Hapo palihitaji jibu la "sawa" tu. Yeye akavuta pumzi ndefu, nikajua leo nimepatikana. "Mkubwa, hii sosi yetu ni ya asili, ndo hii hii waliyokuwa wanakula Warumi wa kale."

Ningekuwa nimeshiba ningenyamaza. Nikamuuliza kaka yangu, hao Warumi wa kale nyanya wameitoa wapi? Nyanya ni mmea wa Amerika, umevuka bahari baada ya Columbus kufika kule 1492, na hata ilipoingia Ulaya watu wakawa wanaipitia mbali wakidhani ina sumu, mpaka miaka ya 1690 ndo Antonio Latini, aliyekuwa anasimamia meza za wakubwa kule Napoli, akaandika namna ya kuitengeneza sosi, na mwenyewe akasema ni mtindo wa Kihispania. Kaisari kafa hajaiona nyanya hata kwa mbali. Warumi walikuwa na garum, mchuzi wa matumbo ya samaki yaliyowekwa chumvi yakachacha juani. Kama mnao huo niletee, ntakula, nimefikia huko.

Unadhani alitishika? Akatabasamu, akahamia kwenye pilipili, eti ya India, miaka elfu na elfu. Nikasema pilipili hiyo nayo ni ya Amerika, Wareno ndo wameifikisha India karne ya 16! Akasema basi viazi vyetu ni mbegu asilia ya Ireland. Viazi! Vya milima ya Andes huko! Sauti imeshanipanda, meza ya pili wameacha kula wanatusikiliza, mzee mmoja kavuta kiti chake kabisa kasogea, na katika watu wote mle ndani asiye na sahani mbele yake ni mimi peke yangu.

Kwa huruma akaniambia "bosi ngoja nikuletee kahawa ya kusubiria." Nikashukuru. Kumbe kahawa haiji yenyewe, inakuja na mbuzi. Mnamjua huyo mbuzi, yule wa mchungaji Kaldi wa Ethiopia, kala matunda mekundu akaanza kurukaruka. Kikombe kakishika mkononi, mvuke naona unaisha, mbuzi bado anacheza. Hadithi yenyewe imeanza kuandikwa Roma 1671, na masufi wa Yemen walikuwa wanakeshea ibada na kahawa tangu karne ya 15, wala hawakumtaja mbuzi wa mtu. Nikasema nipe kikombe. Akasema namalizia.

Ndo hapo nikaanza kuwaelewa watawala niliokuwa nawaona wakorofi. Khair Beg alipiga marufuku kahawa Makka mwaka 1511, sultani kutoka Cairo akamtengua. Charles wa Pili wa Uingereza 1675 akatangaza nyumba za kahawa zifungwe kwa sababu watu wanakaa mle wanapiga domo na kuisema serikali, wananchi wakaja juu, akafuta amri kabla hata haijaanza kutumika. Frederick wa Prussia ndo kiboko, yeye aliwaajiri askari wastaafu wazunguke mitaani wananusa nani anakaanga kahawa bila kibali. Yaani kazi yako ni pua! Na mshahara unaingia! Sisi wengine tunaamka alfajiri.

Chakula kikaja. Tambi unazihesabu, sosi imepakwa na brashi kama mtu anajaribu rangi ya ukuta, na juu jani moja limesimama. Nikauliza hili linaliwa? Nikaambiwa ni la muonekano. Waingereza wa karne ya 18 walikuwa wanakodi nanasi, wanaliweka mezani wageni walitazame, halafu linarudishwa kwa mwenyewe, kwa hiyo huu ushamba una wazee wake. Bili nayo ikaja haraka ajabu, haikuwa na historia yoyote.

Mafundi waliokuwa wanachonga makaburi ya wafalme Misri, enzi za Ramses wa Tatu, waliweka zana chini wakaenda kukaa kwenye mahekalu kwa sababu posho ya nafaka imechelewa, ndo mgomo wa kwanza unaojulikana kwenye maandishi. Waliwaambia wakubwa tumeletwa hapa na njaa na kiu. Hao ni watu ninaoelewana nao.

Nimefika nyumbani tumbo linanguruma, kabatini kuna kopo la samaki. Ile pete ya kuvutia ikakatika nikabaki nayo kidoleni nimevishwa uchumba na dagaa. Sasa nieleweni hasira zangu: Peter Durand kasajili kopo la bati Uingereza 1810, kifaa cha kufungulia cha Ezra Warner kikasajiliwa Marekani 1858. Miaka 48! Watu wanafungua chakula kwa patasi na nyundo! Na kifaa changu mimi nimekinunua kwa hela yangu, kilikuwa kwenye droo hii hii, sasa droo ina nyaya za simu ambazo hakuna simu, ina betri zilizokufa, ina funguo za makufuli tuliyoyatupa, kila takataka ipo, na nikiuliza naambiwa "angalia vizuri." Naangalia vizuri! Nimetoa droo nzima nimeimwaga sakafuni, na nyundo nayo haipo, na hakuna aliyeigusa.