Kwadi si sweta ya shule

Dada yangu ana shamba la ekari chache upande wa Rongai, hapa Nakuru, na mwanawe ametimiza miaka 9. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na magari yaanze tena kutimua vumbi kule Naivasha, kijana huyo hana hadithi nyingine. Sasa anataka kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, na babake amekubali kumnunulia. Kilichobaki ni kuamua: mpya ya dukani, au iliyokwisha kutumika?

Nyumbani kwetu jibu lilitoka hata kabla watu hawajaketi vizuri. Mpya. Mtoto hanunuliwi mtumba wa kitu chenye injini. Nimelisikia kwa shemeji, kwa jirani, hata kwa mama, na ninaelewa linakotoka: hakuna mzazi anayetaka mwanawe aumizwe na ubovu wa mtu mwingine. Lakini naona kwadi iliyotumika inahukumiwa bila kusikilizwa, na kuikimbia huko kunawapeleka wazazi wengi kwenye hatari ambayo hawaioni.

Wanaotaka mpya wana mengi ya kweli. Mashine mpya haina siri. Hakuna aliyewahi kuibiringisha korongoni, hakuna aliyeilehemu chesisi, ile fremu inayobeba kila kitu, kisha akapaka rangi juu. Ina risiti na karatasi za ushuru, kwa hivyo hakuna atakayefika langoni na polisi kudai ni yake. Kuna dhamana, hata ikiwa ya miezi michache. Tena nyingi za siku hizi huja na rimoti ya kuzima injini, mzazi akiwa amesimama kando, kitu ambacho kwadi nyingi za zamani hazina. Kwa mtoto anayeanza, rimoti hiyo ni msaada mkubwa, na sitamlaumu mzazi aliyenunua mpya kwa sababu hiyo tu.

Ila tukisema "mpya" tunachanganya vitu viwili. Kuna mpya ya Honda, Yamaha au Suzuki, ambayo ikishafika hapa na kulipiwa kila kinacholipiwa, bei yake inamshinda mtu wa mshahara. Na kuna mpya isiyo na jina la kukumbukwa, inayokuja vipande ndani ya kreti, ikaungwa nyuma ya duka na kubandikwa stika kali. Wengi wetu tukisema mpya tunamaanisha hiyo ya pili. Basi mashindano ya kweli ni kati ya mpya isiyojulikana na kuukuu inayojulikana, na hapo hesabu inabadilika.

Injini si tatizo. Ile sisi 110 (sisi ni cc, kipimo cha ukubwa wa injini) iliyolala kifudifudi kwenye kwadi hizi ni nakala ya muundo ambao Honda imeutumia miaka mingi kwenye pikipiki zake za Cub, na fundi wa bodaboda hana cha kuogopa ndani yake. Tatizo huanzia pale injini inapoishia: mikono ya mbele inayoshika magurudumu, bushi zake, tarodi zinazogeuza magurudumu, bolijointi za kwenye maungio, na weldi inayounganisha yote hayo na chesisi. Jirani yangu alimnunulia mwanawe mpya kabisa. Mwezi wa nne, kijana akiteremka polepole kuelekea mtoni, mkono wa kushoto wa mbele uliachia kwenye weldi. Gurudumu likajikunja chini ya mashine, kijana akaangukia nyasi. Alichubuka kiwiko tu, tunashukuru. Niliuokota ule mkono nikautazama: weldi ilikuwa imeshika juu juu kama gundi, na upande wa ndani chuma kilikuwa safi, hakikuwa kimeyeyuka kamwe. Duka lilimwambia apige picha ya kile kipande, asubiri. Alisubiri mpaka akachoka. Mwishowe fundi wa jua kali alimchongea mkono kutoka kwa bomba la chuma, na mashine ikawa mtumba ikiwa na miezi minne.

Linganisha na kitu kama Honda TRX90. Imekuwa sokoni tangu mwaka 1993 ikiwa na injini ileile ya sisi 86, gia nne, bila klachi ya mkono. Iliyotumika miaka kumi bado ina kitabu chake, bado kila kipande kina namba, na namba hiyo ukiiagiza unaletewa kitu kinachoingia mahali pake. Nayo huvunjika, ni chuma kama chuma kingine. Lakini ikivunjika kuna njia ya kurudi.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike. Kila mzazi wa Kenya anajua sweta ya shule. Januari unamnunulia mtoto sweta inayofika magotini, mikono unaikunja mara mbili, kwa sababu ni ghali na atakua. Ni busara nzuri kwa sweta. Kwa kwadi ni balaa, na kinachomwingiza mzazi kwenye balaa hiyo ni bei ya mpya.

Tuseme dukani kuna ndogo ya sisi 50 kwa shilingi 150,000, na pembeni yake sisi 125 kwa 190,000. Mzazi anapiga hesabu: kwa nyongeza ya 40,000 napata ambayo ataendesha hadi sekondari, kuliko hii ambayo miaka miwili haitamtosha. Dada yangu alisema vivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayejua kutunza pesa: "Kaka, si atakua tu?" Atakua, lakini ataanza kuiendesha Jumamosi hii.

Nchini Marekani, ambako mashine hizi zimetumiwa na watoto kwa miongo mingi, mwongozo wa zamani ulikuwa wa ngazi tatu: mtoto wa miaka 6 hadi 11, injini isizidi sisi 70, wa miaka 12 hadi 15, isizidi 90, zaidi ya hapo, asubiri miaka 16. Baadaye viwango vyao vikaacha kutazama sisi pekee, vikaweka mipaka ya kasi: mashine ya mtoto wa miaka 6 na zaidi isipite kama kilomita 24 kwa saa, na ya miaka 10 na zaidi isipite kama kilomita 48. Kwa kipimo hicho, sisi 110 mpya iliyofungwa kasi kiwandani inaweza kumfaa mtoto wa miaka 10, na hilo nalikubali kwa upande wa mpya. Lakini mpwa wangu wa miaka 9 na sisi 125 ya watu wakubwa hawakutani kwenye ngazi yoyote.

Sababu iko mwilini mwa mtoto. Kwadi haiendeshwi kwa mikono peke yake. Kwenye kona unaegemea ndani, ukipanda mlima unajisogeza mbele, na ni uzito wako unaoizuia isiinuke. Nyingi za watoto zina ekseli moja nzima nyuma, magurudumu mawili yakizunguka pamoja, kwa hivyo kwenye kona mashine inataka kwenda moja kwa moja mpaka mwendeshaji aisaidie kwa mwili. Hata sisi 90 inakaribia kilo 120. Mtoto wa kilo 28 anaweza kujiegemeza anavyotaka, mashine haitajua kama yuko. Ikibiringika inabiringika naye, na hana nguvu ya kuisukuma itoke kifuani.

Kuna sababu nyingine ya kununua kubwa ambayo hutolewa hapa kwetu, kwamba Nakuru iko juu na hewa ni nyepesi, basi injini ndogo itakosa nguvu. Ni kweli mji uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kabureta, ile inayochanganya mafuta na hewa bila kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza karibu asilimia 18 ya nguvu zake kwenye mwinuko huo. Kwa mtoto wa miaka 9, hiyo asilimia 18 iende salama. Fundi arekebishe kabureta isimeze mafuta mengi kuliko hewa iliyopo inavyoweza kuchoma, basi.

Iliyotumika inavunja hesabu ya sweta. Ukinunua ndogo yenye jina zuri kwa, tuseme, 100,000, baada ya miaka miwili utamkuta mzazi mwingine anayeitaka kwa 80,000 au zaidi, kwa sababu hasara kubwa ililipwa na mwenye kwanza. Zile shilingi 20,000 ni kama kodi ya miaka miwili ya furaha. Unapanda ngazi mtoto anapopanda. Na kile ulichookoa kinanunua kofia ya kichwa cha mtoto, maana kofia ya bodaboda kwenye kichwa cha miaka 9 inazunguka kama sufuria, pamoja na buti na glavu. Nimeona watoto juu ya mashine mpya inayong'aa wakiwa na malapa miguuni, pesa yote ilikwisha dukani.

Wapo wanaosema kusiwe na kwadi kabisa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto wa chini ya miaka 16 asipande mashine hizi, na siwezi kuwaambia madaktari hao kwamba hawajui wanachokiona wodini. Mzazi anayesimama hapo ana haki yake. Mimi nazungumza na aliyekwisha kuahidi, na kwake naomba mambo matatu yasijadiliwe: asibebwe mtu wa pili, kwadi isitoke langoni kwenda barabarani ambako mtoto hana ruhusa ya kisheria, na mtu mzima awe pale.

Tatizo la iliyotumika ni kwamba inataka macho, na wengi hununua kwa picha ya simu. Nenda na fundi. Fika injini ikiwa baridi. Ukiikuta imeshapashwa moto, uliza kwa nini. Inua mbele, shika gurudumu juu na chini, litikise: likigonga, beringi au bolijointi imekwisha. Zungusha magurudumu ya nyuma uyatazame kwa nyuma. Yakiyumba, ekseli imepinda, na ekseli haipindi bila kisa. Pitisha kidole mahali mikono ya mbele inaposhikana na chesisi, hasa penye rangi mpya kuliko kwingine. Vuta kamba ya kuzima injini, ile inayofungwa kwenye mkono wa mtoto, uone kama inazima kweli. Bonyeza kiongeza mwendo na uachilie huku umekata usukani hadi mwisho, kushoto na kulia; kisiporudi chenyewe, hapo pana mtoto atakayebebwa hadi kwenye uzio. Skrubu ya kupunguza mwendo iwepo. Kama ilikuwa ya kukodisha watalii pwani, chumvi imeshaanza kazi kwenye waya na chesisi. Na karatasi, karatasi, karatasi.

Hapa kwetu pana kipimo kingine. Wengi husema jina la Nakuru limetoka kwenye neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na anayeishi chini ya volkano ya Menengai mwezi wa Februari hahitaji kuelezwa. Vumbi hili la majivu ya volkano ni laini kama unga na linakata kama msasa.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Bahati, mimi, shemeji, kijana na fundi, kuona Suzuki ya sisi 50. Kwa nje ilikuwa safi. Mpwa wangu alipanda, magoti yakakunjika vizuri, na usukani ukikatwa hadi mwisho mkono wa nje bado ulifika kwenye breki. Kwenye ile sisi 125 ya dukani ilibidi ainuke kitini kuufuata usukani. Shemeji alinitazama, na hakusema tena habari ya kukua. Injini iliwaka mara ya kwanza. Tulikuwa tumeanza kuzungumza bei fundi alipoomba bisibisi, akafungua chujio la hewa, akaingiza kidole kwenye mpira unaokwenda kabureta. Kilitoka na vumbi jekundu. Vumbi lililopita chujio limeingia kwenye silinda, na hakuna anayejua limekula kiasi gani.

Tulimshukuru mwenye nayo, tukaondoka. Kijana alinyamaza njia nzima mpaka Kiamunyi, kisha akauliza, "Mjomba, kuna nyingine?" Ipo, Molo, ya sisi 50 pia. Tumekubaliana na mwenye nayo asiiwashe kabla hatujafika.