Sifuri 120 si ushahidi wa chochote

Kuna sauti ya mhubiri mmoja inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Anasema wanasayansi wenyewe wamekiri kwamba ulimwengu umepimiwa kwa usahihi wa 1 chini ya namba yenye sifuri 120, kwa hiyo Mungu yupo na mjadala umefungwa. Mimi nafundisha fizikia sekondari. Wanafunzi wa kidato cha sita wananiletea sauti hiyo wakitaka niseme ndiyo au hapana. Mimi ni mtu wa ibada, nisieleweke vibaya. Ila hoja hiyo siitaki, na ya wapinzani wake, kwamba zaidi ya ulimwengu huu yapo malimwengu mengine yasiyo na idadi, siitaki vilevile.

Jambo lenyewe, kwamba namba fulani za maumbile zikigeuzwa kidogo sisi hatupo, lipo, hilo tusibishane. Kiini cha atomu kimeundwa kwa chembe ziitwazo protoni na neutroni, na neutroni ni nzito kuliko protoni kwa sehemu 1 hivi katika 700. Geuza tofauti hiyo, protoni iwe ndiyo nzito, na haidrojeni tunayoijua haidumu: protoni yake inageuka neutroni. Bila haidrojeni hakuna maji, na ziwa letu lenye kina cha karibu mita 1,470 ni hadithi tu. Mwaka 1953 Mwingereza Fred Hoyle alipiga hesabu ya namna nyota zinavyotengeneza kaboni kwa kuunganisha viini vitatu vya heliamu. Akaona kaboni itakuwa haba mno isipokuwa kiini chake kiwe na ngazi ya nishati kwenye elektroni-volti (kizio cha nishati cha wanafizikia) milioni 7.65 hivi. Akawasumbua watu wa maabara ya Caltech, Marekani, waitafute. Wakaikuta.

Wahubiri huipenda sana hadithi ya Hoyle, lakini huikatia hapo. Hesabu za baadaye zimeonyesha kwamba ngazi hiyo ukiisogeza kidogo, nyota bado zinatoa kaboni ya kutosha. Nafasi ni finyu, lakini si tundu la sindano.

Sasa hizo sifuri 120. Kwa nadharia ya kwanta, ile inayoeleza chembe ndogo kabisa, anga tupu lina nishati yake. Ukiijumlisha kwa njia iliyozoeleka unapata kiasi kinachozidi kile kilichopimwa kwa takriban mara 1 yenye sifuri 120. Kipimo chenyewe tulikipata mwaka 1998, pale vikundi viwili vilivyokuwa vikichunguza mwanga wa supanova za mbali, yaani nyota zinazolipuka, vilipogundua kwamba upanukaji wa ulimwengu unaongeza kasi, kana kwamba nishati hiyo ndiyo inayousukuma. Perlmutter, Schmidt na Riess wakapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2011 kwa kazi hiyo. Angalia basi zile sifuri zinapima nini. Zinapima umbali kati ya hesabu yetu na kilichoonekana kwenye darubini. Ni hesabu iliyogoma, pengine iliyogoma vibaya kuliko zote katika fizikia. Mhubiri ameichukua aibu ya wanafizikia akaipandisha mimbarini kama kipimo cha ustadi wa Muumba.

Kusema kitu ni cha nadra kunahitaji ujue kwanza vingine vilivyowezekana ni vingapi, na kila kimoja kilikuwa na nafasi gani. Nani ameuona ulimwengu mwingine wenye neutroni nyepesi? Tunao mmoja huu, na namba zake, kila tunapozichunguza, hazitaki kusogea. Ushahidi mmoja mzuri wa hilo uko Afrika. Mwaka 1972 Wafaransa waligundua kwamba urani ya Oklo, Gabon, ilikuwa na upungufu wa aina ile inayotumika kwenye vinu vya nyuklia. Kumbe miaka kama bilioni 2 iliyopita mwamba wenyewe ulikuwa kinu, ukijiendesha kwa maji yaliyokuwa yakipenya ardhini. Masalia ya kinu hicho yanaonyesha kwamba kani za ndani ya atomu zilifanya kazi wakati ule karibu sawasawa na leo. Laiti kila mwanafunzi wa nchi hizi angeisikia habari ya Oklo kabla hajaambiwa kwamba fizikia ni mambo ya Ulaya.

Wale wa malimwengu mengi nao wanasema hivi: kila namba imejaribiwa mahali fulani, sisi tumejikuta panapokalika. Hoja hii ina kiini cha kweli, na mvuvi wa Kibirizi ataielewa upesi kuliko mimi: anayevua kwa wavu wa macho makubwa asije akatangaza kwamba ziwani hamna dagaa. Mfano wa wavu aliwahi kuutumia Arthur Eddington, mwanaastronomia Mwingereza. Steven Weinberg, mwanafizikia Mmarekani, aliifanyia hoja ya namna hiyo kazi ya heshima. Mwaka 1987 alikokotoa kwamba nishati ya anga ikizidi kiwango fulani galaksi haziundiki, kwa hiyo tutegemee kuikuta ndogo, lakini si lazima iwe sifuri. Miaka 11 baadaye ikapimwa, ndogo na si sifuri. Navua kofia. Lakini kutoka hapo hadi kudai kuna malimwengu 1 yenye sifuri 500, namba inayotajwa na watu wa nadharia ya nyuzi, inayosema chembe zote ni nyuzi ndogo mno zinazotetema, ni kuruka mto usiouona ng'ambo yake. Hakuna chombo kitakachoyapima hayo.

Tena Eddington huyohuyo wa wavu alinaswa. Kuna namba inayopima nguvu ya kani ya sumaku-umeme. Yeye alithibitisha kwa fikra tupu kwamba ukigawa 1 kwa namba hiyo lazima upate 136 kamili. Vipimo viliposogea karibu na 137, akapata uthibitisho mwingine kwamba lazima iwe 137 kamili. Leo tunajua ni 137.036. Kabla yake, mwaka 1596, mwanaastronomia Mjerumani Kepler alieleza kwa nini sayari ni sita, kwa jiometri ya kuvutia mno. Hazikuwa sita. Watu hawa hawakuwa wajinga, na hilo ndilo linalonifanya niwe mwoga kila namba inapogeuzwa hoja ya mwisho.

Na hiyo nishati ya anga, ambayo wengi huiita nishati ya giza, haijatulia. Vipimo vya DESI, chombo cha kuchora ramani ya galaksi huko Arizona, Marekani, vilivyotolewa 2024 na 2025, vinadokeza kwamba huenda inafifia kadiri muda unavyokwenda. Bado ni dokezo. Ikithibitika, namba iliyobebeshwa mahubiri yote haya, na makala zote za malimwengu, haikuwa thabiti tangu mwanzo. Darubini ya Rubin huko Chile imejengwa kupiga picha anga la kusini kwa miaka 10, na sehemu kubwa ya anga hilo tunaiona kutoka hapa. Mwanafunzi wangu mmoja anataka kusoma fizikia chuo kikuu. Atakapohitimu data hizo zitakuwa bado zinamiminika. Ameniuliza aanze kujisomea nini. Nimemwambia aache falsafa kwanza, arudie sura ya uwezekano kwenye kitabu cha hisabati, ile ambayo darasa zima huwa linairuka.