Kabureta ya Tatu

Mjomba wangu wa Tanga aliwahi kuibiwa saiti mira Dar es Salaam asubuhi, mchana akaenda kuinunua. Ileile. Aliijua kwa kibandiko cha Simba alichobandika mwanawe. Akalipa, akaikumbatia kwapani, akarudi nayo nyumbani, na ukoo mzima ukamcheka. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, na tangu nihamie California nimeendelea kumcheka kwa simu kila Idi. Miaka kumi na miwili mfululizo.

Huku nimepata ugonjwa unaoitwa hotirodi. Unachukua Ford kuukuu ya miaka ya 1930, unaivua mabawa na boneti, unaichokonoa injini mpaka ikimbie kuliko alivyokusudia Ford mwenyewe. Mchezo wenyewe vijana wa hapa waliuanza kabla ya Vita Kuu ya Pili, wakishindana kwenye maziwa makavu ya jangwani. Ford alikuwa ametoa injini ya V8 ya bei nafuu mwaka 1932, nguvu farasi 65, nao wakaona hazitoshi. Dawa yao ilikuwa kung'oa kabureta moja, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa ya injini, na kuweka mbili, au tatu kwa mpigo. Waliyoipenda zaidi ni Stromberg 97, iliyotoka mwaka 1936: kidude unachokishika kwa mkono mmoja, kina namba 97 kubwa ubavuni, maana koo lake lina upana wa inchi 0.97.

Mpya zinatengenezwa hadi leo na zinafanya kazi vizuri. Lakini mwambie hivyo mgonjwa mwenzangu, atakutazama kama umemkaribisha pilau ya pakiti. Sisi tunataka za zamani, zenye kutu na ukoko wa petroli ya babu. Na kwa kuwa wote tunazitaka hizohizo, bei inapanda kama nyanya wakati wa mafuriko. Ya kwanza nilinunua dola 150. Mwaka uliofuata ya pili, 220. Ilibaki ya tatu, na mwenye kabureta mbili hana raha, ni kama mtu mwenye jiko la mafiga mawili.

Basi Jumapili moja nikadamka saa tisa usiku kwenda gulio la Pomona. Pale watu huanza kununua kungali giza, kila mtu na tochi yake, wameinama kwenye meza za vyuma kama wanaotafuta pete iliyodondoka. Kwenye meza ya mzee mmoja nikaiona. 97, mfuniko haujapasuka, na juu ya skrubu moja kulikuwa na tone la rangi ya zambarau iliyokolea, lenye chengachenga zinazomeremeta.

"Ngapi?"

"Mia mbili sabini na tano."

Hapo mtu mwenye akili angeshusha. Mimi nimekulia Ilala, kushusha bei nilifundishwa kabla ya kusoma. Lakini lile tone lilinipanda kichwani. Nikamulika tochi karibu, nikamwambia mzee kwa sauti ya mtaalamu kwamba mafundi wa mashindano walikuwa wakiweka alama za rangi kwenye skrubu, ili wajue kama imelegea au imeguswa. Huenda kabureta hii, nikasema, ilikimbia El Mirage, mojawapo ya yale maziwa makavu ya mashindano.

Mzee akanitazama. Akaitazama kabureta kama mtu aliyeambiwa mbuzi wake anajua kusoma.

"Inawezekana," akasema. "Basi mia tatu ishirini na tano."

Nikalipa. Tena nikamshukuru.

Nyumbani nikaiweka juu ya meza ya jikoni, kwenye gazeti, nikaanza kumweleza mama watoto habari za jangwa na mashindano na alama za siri za mafundi. Alikuwa anachambua mchele. Akaacha. Akainamisha kichwa, akaligusa lile tone kwa kucha ya kidole gumba.

"Baba Salma. Hii si rangi yangu ya harusi ya dada?"

Ilikuwa rangi ya kucha aliyoagiza makusudi ifanane na sare ya harusi, chupa moja tu. Wiki ile ya harusi aliitafuta nyumba nzima akaikuta imekauka, mfuniko wazi, nami nikaapa sijaiona.

Sasa nikaanza kukumbuka, polepole, kama mtu anayezinduka kwenye nusu kaputi. Tulipohamia nyumba hii, gereji ilikuwa na boksi la vyuma lililoachwa na aliyekuwamo. Wakati huo sikujua 97 wala 98. Niliona kidude kimoja skrubu yake inacheza, nikaikamata kwa rangi ya kucha ili boksi lionekane la mtu makini, kisha nikaliuza lote, palepale Pomona, kwa dola 40. Hela yenyewe tulinunulia mkaa wa nyama choma.

Nikatoa simu nikatafuta picha niliyolipiga boksi lile siku ile. Ile pale, chini ya pampu ya maji iliyovunjika, inameremeta zambarau.

Mama Salma hakugomba. Angegomba ningefurahi. Alichukua simu yangu kimya, akaipiga picha kabureta, kisha nikasikia mlio wa ujumbe kwenda. Dakika haikuisha, Tanga ikapiga.

Mjomba hakusalimu. Alicheka kwanza, kicheko cha miaka kumi na miwili, mpaka akakohoa, nikasikia shangazi akimletea maji.

"Mjomba," akasema alipopata pumzi, "mimi ile mira niliibiwa. Wewe nani alikuibia?"